Mwekundu wa Mafiati

Ukitaka kuona kazi ya akili iliyokamilika, nenda kasimame makutano ya Mafiati, pale Mbeya, Jumamosi asubuhi. Magari yanatoka Uyole, mengine yanatoka Iyunga, mengine yanateremka mlimani kutoka upande wa Loleza, na yote yanapishana kama kindu mikononi mwa mama anayesuka mkeka. Hakuna honi. Hakuna anayemtukania mwenzake mama. Ukisimama pale dakika chache tu utajikuta unatabasamu peke yako, na wapita njia watadhani una habari njema.

Anayefanya maajabu hayo anaitwa Kiongozanjia. Ni akili mnemba iliyotandazwa chini ya lami yote ya jiji, ina macho juu ya kila nguzo, na inazungumza na kila gari-tambuzi, yaani gari linalojiendesha lenyewe. Inajua gari lipi lina haraka ya kweli na lipi lina haraka ya kujitakia. Mtoto akiponyokwa na mpira barabarani, magari yameshasimama kabla mama yake hajapata pumzi ya kupiga kelele.

Basi taa za nini tena, nyekundu na kijani, kama magari yanaelewana? Wageni huuliza hivyo kila siku. Taa ziliachwa kwa ajili yetu sisi watembea kwa miguu, na kwa ajili ya wachache wenye kibali cha mkono. Hicho ni kibali cha kushika usukani mwenyewe, na siku hizi hutolewa kwa shughuli mbili tu, msiba na harusi. Maana hapa Mbeya nani angekubali mwanawe aende kuoa kwa gari lisilo na dereva? Thubutu! Watu wangesema hadi wachoke.

Mzee Angetile Mwasomola alikuwa na kibali hicho, na alikuwa anaringa nacho. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kukoboa kahawa kabla hajastaafu, na nyumbani kwake Iyunga alitunza gari la kale la rangi ya maziwa, lenye usukani wa kweli na kanyagio za kweli. Alilifuta kwa kitambaa laini kila Jumapili. Mkewe, Mama Lwitiko, alikuwa akisema kwamba gari lile limepakatwa kuliko watoto wote wa nyumba ile.

Siku ya harusi ya mwanawe, Lwitiko, mzee alilivisha gari lile maua ya njano na utepe wa zambarau, mwenyewe akavaa shati la sare ya harusi, rangi zilezile, akashika usukani kwenda kumchukua bwana harusi kwa msimamizi wake. Mbele yake kulikuwa na lori la wapiga matarumbeta. Nyuma yake, ndugu, majirani na wana kwaya. Msafara wa harusi una sheria yake ambayo hata Kiongozanjia haijaandikiwa. Msafara haukatiki. Ukikatika, watu wanaanza kunong'ona, na ndoa inaanza na minong'ono. Kwa hiyo wa nyuma humfuata wa mbele, na wa mbele hufuata tarumbeta, na wote macho yako kwenye muziki.

Lori la matarumbeta lilipita Mafiati taa ikiwa kijani. Ilipofika zamu ya mzee, taa ilikuwa nyekundu.

Aliiona. Hilo tuliseme wazi, maana baadaye alijaribu kusema hakuiona. Aliiona, akasikia tarumbeta inakwenda mbali, akasema, "Aa, leo ni leo," akakanyaga mafuta.

Alichofanya Kiongozanjia hapo ni kitu cha kuvuliwa kofia. Kwa muda ambao jicho hutumia kupepesa, ilihesabu uzito wa gari la mzee, mwendo wake na ubishi wake. Ikayashika breki magari yote yaliyokuwa yanakatiza kutoka kulia. Ikavibana viti ili abiria wasirushwe mbele. Ikainua ukingo mdogo wa barabara mbele ya miguu ya kijana aliyekuwa anavuka, akajikwaa akarudi nyuma. Magari ya kwaya nayo, kwa kuwa yalikuwa tambuzi, yakasimama yenyewe na wana kwaya wakiwa bado katikati ya ubeti. Mzee Angetile alipita katikati ya ile njia iliyofunguliwa akatokea upande wa pili bila hata mkwaruzo. Msafara ulikuwa umekatika hata hivyo.

Harusi ikafungwa, watu wakala, wakacheza, wakarudi kwao.

Jumatatu asubuhi mtu alibisha mlangoni Iyunga. Hakuwa mtu. Alikuwa roboti mrefu mwembamba, rangi ya kijivu, mwenye taa ndogo nyekundu kifuani, na mikono ameikunja mbele kama mshenga.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," mzee akajibu kabla hajafikiri. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Msindikizi. Nimetumwa na Kiongozanjia. Jumamosi ulipita taa nyekundu Mafiati. Nimekuja tukapige hodi."

Hapa lazima nieleze, maana wageni hawaijui Sheria ya Hodi, na mimi sijaona sheria nzuri kama hii. Zamani mtu akipita taa nyekundu alilipa faini, akanuna, akasahau, kesho akapita tena. Sheria ya Hodi haichukui senti wala haimfungi mtu. Kiongozanjia inakaa inapiga kile kinachoitwa hesabu ya yangekuwa. Inajiuliza, nisingekuwepo mimi, nani angekuwa ameumia? Nani angekuwa amekufa? Majibu inayo, kwa majina. Na aliyevunja taa atakwenda kwa miguu yake hadi kwenye mlango wa kila mmoja, apige hodi, ajitaje, aseme, "Mimi ndiye ningekuua." Mwenye nyumba akimjibu "karibu", mlango huo umekwisha. Asipojibu, mtu atarudi tena siku nyingine.

"Na nisipokwenda?" mzee akauliza.

"Utakuwa mwekundu," Msindikizi akasema kwa upole.

Mzee akacheka. Alimfungia mlango, akarudi kwenye chai yake.

Kumbe wekundu si mchezo. Ukiwa mwekundu, chombo chochote kilichokubeba hukutana na taa nyekundu kila makutano, labda kiwe kinakupeleka hospitali. Siku hiyohiyo mzee na mkewe walitaka kwenda sokoni Mwanjelwa. Gari-tambuzi lilisimama Iyunga, likasimama Nzovwe, likasimama Mafiati, likasimama mahali ambapo hata taa huwa hazionekani. Mama Lwitiko akafungua mlango, akachukua kikapu chake.

"Mwenzangu, mimi natembea," akasema. "Nitakukuta huko, kama utafika."

Kesho yake mzee akapanda treni ya mjini. Makutano ya kwanza, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Abiria wakaanza kutazamana.

"Jamani, kuna mwekundu humu!" dada mmoja akasema. "Ashuke, tunachelewa kazini."

Mzee Angetile akatazama dirishani kama vile yanayosemwa hayamhusu. Treni ikasimama tena. Bibi mmoja aliyekaa mkabala naye, mwenye kuku kwenye kapu, akamkazia macho.

"Baba," akasema, "si ukapige hodi tu yaishe? Mbona unatuumiza wote na mvi zako hizo?"

Akashuka. Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa amejikunyata, na mlangoni alimkuta Msindikizi bado amesimama palepale alipomwacha, mikono imekunjwa.

"Haya," mzee akasema. "Twende, wewe chuma."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani kijana wa mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, yule aliyejikwaa kwenye ukingo. Mzee alipiga hodi, akajitaja, akatamka yale maneno. Ulimi ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Kijana akamtazama juu hadi chini, akamwuliza Msindikizi kama anaweza kuona yangekuwa, maana hiyo ni haki ya mwenye nyumba. Roboti akatupa picha ukutani. Mzee aliliona gari lake la rangi ya maziwa, na maua yake ya njano, likimchukua yule kijana kiunoni.

Ndani ya nyumba watoto mapacha walikuwa wanagombania kijiko.

"Karibu, mzee," kijana akasema mwisho. "Ingia ule. Tuna kande." Mzee akala kande ya mtu ambaye yeye mwenyewe angempeleka kaburini.

Walipotoka nje alikuwa mtu mwingine. "Kazi yenu ni nzuri," alimwambia Msindikizi, akijifuta uso. "Nilidhani ni upuuzi. Ni kazi nzuri mno. Ndaga."

"Ndaga fijo, mzee," roboti akaitikia, maana amefundishwa shukrani za kila kabila la jiji. "Umebaki mlango mmoja. Gari la kwanza kutoka kulia. Tumpale Mwangoka, anakaa Iganzo."

Mzee akasimama kama aliyepigwa kofi.

Tumpale Mwangoka alikuwa mke wa Lwitiko. Bibi harusi mwenyewe! Asubuhi ile alikuwa anatoka saluni peke yake, katika gari la kukodi lisilo na ua wala utepe, anawahi nyumbani kuvaa shela.

Na hilo lilikuwa nusu tu ya balaa. Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Wamekaa mjini vizazi vingapi, wana treni, wana maroboti, lakini mwiko ule wameushika. Mkwe akimwona baba anakuja njiani, hugeuka pembeni na kujifunika. Zamani hata sauti ilikatazwa. Siku hizi wazee wamelegeza, sauti ruksa, uso hapana. Kanisani Tumpale alikuwa ndani ya shela, na mzee alitazama viatu vyake mwenyewe ibada nzima. Hata picha za harusi Mama Lwitiko alizichagua kwanza ndipo akamwonyesha zilizobaki.

"Peleka ujumbe wewe," mzee akasema. "Mwambie nimekosa, nimeomba radhi."

"Huo utakuwa ujumbe, mzee. Hautakuwa hodi."

"Wewe huelewi mila za watu!"

"Naelewa kidogo," Msindikizi akasema. "Ndiyo maana sikuanza na mlango huu."

Mzee alikwenda nyumbani akamweleza mkewe kila kitu, na ndipo alipopata jingine. Mama Lwitiko aliacha kupepeta mchele. Alikuwa amekaa na siri kifuani tangu juzi. Lwitiko alikuwa amempigia simu akilia, mtu mzima. Mkewe hali. Mkewe anashtuka usingizini. Mkewe amefungasha begi, anasema anataka kurudi kwao Uyole, na akiulizwa kosa la mume ni nini, anasema mume hana kosa.

"Sasa na hili akilijua?" mzee akasema. "Kwamba baba mkwe alitaka kumuua siku ya ndoa yake? Si ndiyo ataondoka mchana kweupe? Nitakuwa nimeivunja nyumba ya mwanangu kwa mdomo wangu."

"Na usipokwenda?"

"Nitabaki mwekundu. Nitatembea. Miguu ninayo."

Mama Lwitiko akamtazama sana. "Baba Lwitiko, yule mtoto ana hofu ya kitu asichokitaja, na wewe unamficha kitu. Hamuwezi kuwa mnaficha vitu viwili nyumba moja. Nenda. Mwiko umekataza uso. Mgongo haukukatazwa."

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa limeshawaka vizuri, Mzee Angetile alipanda mlima kwenda Iganzo kwa miguu. Njiani magari yalimpita yakitiririka bila sauti, na pamoja na hofu yake yote hakuacha kuyatazama kwa mapenzi. Alikuwa fundi. Alijua mtambo uliopangwa vizuri unavyoonekana. Msindikizi alitembea kando yake, akipunguza hatua kila mzee alipopunguza.

Lwitiko alikuwa ametoka nyuma, ili asiwe shahidi wa jambo la aibu. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na ndala za kike zilikuwa kizingitini. Mzee akageuka, akaupa mlango mgongo, akatazama bonde lote la Mbeya chini yake.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti nyembamba ikatoka ndani. "Nani?"

"Mimi Angetile. Baba yake Lwitiko. Nimegeuka, usiogope."

Akasikia ndala zikivaliwa, kisha nguo ikifungwa. Yule binti alitoka akasimama kizingitini, naye akageuza mgongo wake, kitenge kichwani. Wakawa wamesimama hivyo, yeye anatazama jiji na mwenzake anatazama mlango.

"Mwanangu," mzee akasema, "siku ya harusi yenu, asubuhi, nilipita taa nyekundu pale Mafiati. Niliiona nikapita. Gari lako lilikuwa linakatiza. Isingekuwa Kiongozanjia, mimi ndiye ningekuua. Nimekuja kusema hivyo. Sina jingine la kujitetea."

Nyuma yake akasikia kilio kimezwacho. Basi, akajisemea, nyumba imevunjika.

"Najua, baba," Tumpale akasema.

"Unajua?"

"Nilikuona. Gari langu lilisimama ghafla, nikainua macho, ukapita mbele yangu hapa, karibu kama ulivyo sasa. Nikaona shati la sare. Kitambaa nilikichagua mimi mwenyewe! Nikaona uso. Ulikuwa uso wa Lwitiko uliozeeka." Akavuta pumzi. "Nilikutazama usoni, baba. Siku ya ndoa yangu, kabla sijafika hata kanisani, nimeshavunja mwiko wa nyumba yenu. Sikumwambia mtu. Kila nikilala nasema, mimi ndiye nimeiingiza mikosi nyumba hii, heri niondoke kabla haijampata Lwitiko."

Kumbe mtoto wa watu siku zote hizo alikuwa anajilaumu. Yeye aliyetaka kumuua alikuwa anakula, anafuta gari, anabishana na treni.

"Kosa ni langu," akasema. "Lote. Wewe ulikaa garini mwako, taa yako kijani. Kosa utalitoa wapi?"

"Lakini nilikutazama."

"Na mimi nilikutazama!"

Hilo hakuwa amelipanga. Lilitoka lenyewe.

"Nilimwona binti," akaendelea polepole. "Nimeapa kwa kila mtu kwamba sikuona mtu, lakini niliona. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani, macho yamemtoka, mdomo wazi, anajua anakufa. Sikujua ni nani. Uso ule umenikalia, mwanangu. Nakula nao, nalala nao. Mpaka lilipotajwa jina lako ndipo nikajua kwamba uso wa mkwe wangu ninao tayari. Sitauona mwingine mpaka naingia kaburini. Nimepewa huo mmoja, na ni mimi niliyeufanya uwe vile."

Bonde lilikuwa limetulia. Huko chini Mafiati magari yalikuwa yanapishana, madogo kama punje za mchele.

"Mzee," Msindikizi akasema kwa upole, "sheria inampa mwenye nyumba haki ya kuona yangekuwa. Mama, ungependa..."

"Hapana," Tumpale akakata. "Tumeona ya kutosha, sisi wote wawili."

Mzee akasikia kitenge kikiteleza.

"Baba, geuka."

"Mwanangu, mwiko..."

"Mwiko tumeshauvunja, tena kwa uso mbaya. Nitakwenda kwa wazee mimi mwenyewe, waseme watakavyosema. Siwezi kukuacha na uso ule maisha yako yote. Geuka unione vizuri, mara moja, halafu turudi kwenye heshima zetu."

Msindikizi, ambaye hakuna aliyemfundisha jambo hilo, alipiga hatua kadhaa hadi langoni akawapa mgongo.

Mzee akageuka.

Alichokiona hajamwambia mtu mpaka leo, hata Mama Lwitiko, naye Mama Lwitiko si mtu wa kunyimwa habari. Anachosema tu ni kwamba binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kwamba meno yake ya mbele yana mwanya.

"Karibu, baba," Tumpale akasema.

Huko langoni taa ndogo kifuani mwa Msindikizi ikageuka kijani. Lakini yeye alikuwa anatazama barabara, na wale wawili hawakuwa na habari nayo.